Mwenzake Mheshimiwa

Samaki wa Mama tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alimeza kila mwenzake tuliyemtia kwenye tangi lake la maji chumvi. Kabla sijarudi bwenini na kuwaacha yeye na Mama wawili tu nyumbani, tulikwenda dukani kumtafutia mwingine.

“Mchukue asiyeenea mdomoni mwake,” muuzaji alionya.

“Huyu wangu hamezeki,” Mama akasema, akinivuta sikio, “ila haingii kwenye tangi.”

Samaki wote wa pale walienea mdomoni, tukarudi mikono mitupu. Basi, kwa heshima na taadhima, nikabandika picha yangu nje ya kioo cha tangi, uso ukimwelekea Mheshimiwa.

Jumapili Mama alimpigia matroni wa bweni simu, nikaitwa.

“Mheshimiwa amenizoea?”

“Sijui, mwanangu,” akajibu taratibu. “Picha nimeigeuza. Sasa inanitazama mimi.”