Ordinateri Kwenye Ubao wa Fromaji

Papa Constantin ni muntu wa kugonga vitu. Hapa Masisi kila mmoja anajua namna anavyopima fromaji yake, jibini ya maziwa ya ng'ombe: anaibeba na mikono miwili, anainamisha kichwa, anaigonga mara mbili na kifundo cha kidole cha kati, halafu anasema iko tayari ao bado. Kwa fromaji hakosei. Hata wanunuzi wa Goma wanangoja ile sauti mbele ya kutoa pesa. Shida ni kwamba Mungu alimpa kidole kinachojua kitu kimoja, na yeye akaamini kinajua vyote. Anagonga milango ya watu. Anagonga tairi za moto, zile pikipiki, ambazo hatanunua. Siku ya mazishi ya jirani yake aligonga sanduku, akatikisa kichwa, akasema ile mbao haikukauka vizuri.

Kwa hiyo sikushangaa siku alipoingia mu atelie yangu, akagonga ordinateri yangu, kompyuta ya kazi, kwenye mbavu, akasema, «Hii iko muzee. Nataka ya kijana.»

Mimi naitwa Guylain. Nina diplome ya Etat, nina paneli nne za jua juu ya mabati, na nina imprimante ya kuchapa karatasi inayotoa wino siku inapojisikia. Atelie yangu iko kando ya parkingi ya motari. Watu wanaleta simu zichajiwe, walimu wanaleta mitihani ya kupiga, na motari, wale vijana wanaobeba watu na moto zao, wanakuja kukaa kwenye benchi yangu na kucheka watu ninaowacheka. Ile njo kazi yangu ya pili, na kusema kweli ninaiweza kuliko ya kwanza.

Ile ya kijana aliitafutia binti yake Umwali, miaka kumi na miwili. Mwezi wa sita, siku ya matoleo ya shukrani, muntu mmoja alitoa mbuzi mbele ya kanisa zima. Papa Constantin hakuweza kuvumilia ile mbuzi. Akasimama, akatangaza kwamba kama Umwali atapita makumi nane kwa mia kwenye mutihani wa mwisho wa primere, atamununulia ordinateri ya michezo, ya kisasa, sawa na ile ya binamu zake wa Goma. Waamini wakapiga makofi, mbuzi ikasahauliwa. Umwali akapata makumi nane na ine. Tangu siku ile baba yake alikuwa anatoka kanisani na mlango wa nyuma.

Nikamuandikia kwenye karatasi vitu vyote vinavyotengeneza ordinateri ya kucheza mbio za magari. Akaisoma kama barua ya tribinali. Akaniuliza kama hatuwezi kutoa vile visivyo vya lazima. Nikamwambia ni sawa na kutoa miguu ya ng'ombe isiyo ya lazima. Akafikiri sana, akauliza, «Miguu ngapi?»

Tukakubaliana juu ya njia ya watu wadogo: tutanunua ordinateri iliyofukuzwa kazi kwenye ofisi fulani ya Goma, tuiongezee memware, kumbukumbu ya mashini, na ndani yake tupachike kadi ya picha ya okazyo, iliyokwisha kutumika. Hiyo kadi njo inafanya magari ya mchezo yakimbie bila kukwama. Nikamukumbusha pia kwamba nyumbani kwake kuna paneli moja tu, ya taa tatu. Akasema tutaona. Yeye na umeme hawajawahi kusalimiana, lakini alikuwa na hakika watapatana.

Sasa pesa. Papa Constantin, mwenye ng'ombe kumi na saba, aliangalia ng'ombe zake zote na kuona kwamba ile ya kuuza ni ya Umwali. Ilikuwa mutamba, bado haijazaa, jina lake Gaju, rangi ya udongo. Bibi wa Umwali, muzee Mukamurenzi, alimupa ikiwa ndama, siku ya komunyo yake ya kwanza. Yaani zawadi ya baba ilipashwa kulipwa na mutoto, na yeye hakuona kasoro yoyote mu hii hesabu. Ila alimuuliza mwenyewe wa ng'ombe, nimupe haki yake.

Umwali aliomba siku mbili. Alikuwa anapanda kumuangalia Gaju asubuhi na jioni. Siku ya tatu akaja peke yake kwenye atelie, akasimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma. Kule Goma, akanielezea, binamu zake walikuwa wanamupa zamu ya kucheza pale chakula kinapoiva, na wakati huo anaitwa kupakua. Alitaka kujua kitu kimoja tu: mchezo wa magari utatembea bila kukwama?

«Utatembea,» nikasema.

«Basi, wewe ulisoma. Kama unasema inatembea, inatembea.»

Ng'ombe ilichukuliwa na Léonard, mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka hapa katikati na kamio mbili, lori za mizigo. Yeye njo angeleta vitu toka Goma, na Gaju njo malipo. Léonard hata salamu anaitoa na masharti, kwa hiyo akaweka yake: Gaju atakaa mu lupango yake, kiwanja chake cha kuzungushiwa mabati, mpaka jumamosi ya mwisho wa mwezi wa munane, siku kamio ya ng'ombe inashuka Goma. Kama mbele ya hiyo siku mashini inakataa kufanya kazi, turudishe vitu vyote kama vilivyotoka kwake, na Umwali arudishiwe ng'ombe yake. Kisha jumamosi ile kupita, hakuna maneno.

Ile ordinateri ya ofisi ikafika. Nikaifungua, nikatoa vumbi la miaka kumi, nikatia memware, ikawaka vizuri sana. Lakini kadi ya picha ilikuwa imebaki Goma, na mvua ilikuwa imekata barabara. Tungoje majuma mawili. Papa Constantin akakataa kuniachia mashini. Kwenye atelie yangu, akasema, motari wanaweka chupa juu ya kila kitu. Haikuwa uongo. Akauliza namna ya kuitunza. Nikamwambia adui zake ni joto na vumbi. Uso ukamungaa kama mwanafunzi aliyepata jibu: ataiweka mu chumba ya fromaji. Hakuna chumba baridi kama kile mu Masisi yote.

Hapo nilipashwa kumwambia kwamba maji ni adui mbaya kuliko joto, na kwamba chumba kile kina unyevu kama pua ya ng'ombe. Lakini kwenye benchi kulikuwa motari sita, na wote sita walikuwa wananiangalia, wanangoja. Mimi watu wakiningoja vile, ni kama ugonjwa.

«Ni vizuri, Papa,» nikasema, uso mukavu. «Lakini usisahau kuigeuza kila asubuhi, na kuipangusa na kitambaa ya maji ya chumvi. Bila vile itaota ngozi mubaya.»

Ile ni dawa ya fromaji. Kila mutoto wa hapa anaijua. Papa Constantin aliniangalia kwa zarau.

«Mimi njo unafundisha kupangusa?» akasema, akabeba ordinateri yake na mikono miwili, akapanda.

Motari mmoja alianguka toka kwenye benchi. Huo mzaha ulinilisha majuma mawili. Niliusema kwa kinyozi, niliusema kwenye koro ya kanisa, na kila mara niliuongeza kipande: atauza ordinateri kwa kilo, ataipeleka Goma ndani ya majani ya ndizi. Mu hiyo furaha yote sikujiuliza hata mara moja kama kuna muntu angeweza kutii. Nilipashwa kujua. Muntu asiyeuliza kamwe, hata akipewa upumbavu ataubeba mpaka nyumbani, ili wasione kwamba hakuujua.

Kadi ikafika siku ya ijumaa, saa nane ya mchana. Kamio ya ng'ombe ilikuwa ya kesho yake. Nikachukua moto, nikapanda kilima.

Umwali njo alinifungulia chumba ya fromaji. Mbao zilipangwa toka chini mpaka juu, na juu ya kila ubao fromaji mfano wa mwezi, za njano, zinang'aa. Kwenye ubao wa tatu, katikati ya fromaji mbili, ordinateri ililala kifudifudi. Mu matundu yake chumvi ilikuwa imeganda, nyeupe, na kwenye pembe zote kutu ilitelemka kama machozi.

Papa Constantin alikuwa kando yake kama baba wa bibi arusi.

«Siku kumi na ine,» akaniambia. «Sikukosa hata moja. Jana iliangalia juu, leo inaangalia chini.» Akainamisha kichwa, akaigonga mara mbili.

Nilicheka. Nilishika mlango nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, na mu kichwa nilikuwa nisha kaa kwenye benchi, ninaeleza ile ya kugonga. Halafu nikamuona Umwali. Alikuwa ameshika kitambaa, bado kinatoa maji. Yeye hakucheka.

Nikaibeba nje, nikaifungua. Maji yalitoka kwanza. Ndani, ubao mkubwa wa mashini ulikuwa umeota manyoya ya kijani, na meno ya memware yalikuwa meusi. Nikaipangusa, nikaianika kwenye jua, nikaiunganisha na batri niliyokuja nayo, nikabonyeza. Hakuna kitu. Hata harufu ya kuungua haikutoa.

«Itawaka?» Umwali akauliza.

«Hapana.»

Hakuhitaji nimueleze. Vitu vinarudi kama vilivyotoka, ao Gaju anaenda. Alitelemusha macho mpaka kule chini, ambako mabati ya lupango ya Léonard yanaonekana. Halafu akauliza, polepole, nani alisema tupanguse na chumvi.

Papa Constantin akaniangalia. Jina langu lilikuwa tayari mu kinywa chake, na nilikuwa nimejitayarisha kulipokea. Akakohoa.

«Mimi njo nilizidisha chumvi,» akasema.

Nikashukuru Mungu. Ndiyo, nakubali: nilikuwa tayari kuacha yule muzee abebe upumbavu wangu, na hata kumupigia saluti.

«Hapana, Papa,» Umwali akasema. «Ni Guylain. Niliuliza tu nisikie kama atasema. Motari walinielezea mu juma ya kwanza. Walikuwa wanacheka, lakini wale wanachekaka kila kitu. Papa ulipoona kutu ulitaka kuacha, mimi njo nilikuambia tuendelee.» Akanigeukia. «Nilisema, Guylain alisoma. Kama anasema chumvi, ni chumvi. Kila asubuhi nilikuwa namushikia ndoo.»

Nilirudisha vifuniko vya ordinateri, nikakaza misumari yake moja moja.

Nikateremka na ile maiti mpaka kwa Léonard, nimuombe huruma. Léonard akapitisha kidole kwenye matundu, akakiweka kwenye ulimi.

«Chumvi,» akasema. «Mimi nauzaka chumvi hapa, kaka. Hakuna muntu alisha kuja kunirudishia chumvi ndani ya ordinateri.» Akamuita muntu wa nyuma yangu.

Jumamosi asubuhi, wakati motari wanapasha moto zao, nilifungua ordinateri yangu mwenyewe, ile muzee ya kugongwa mbavu. Nikaipa kadi ya picha na alimantasyon ya nguvu, ile ya kuilisha umeme, niliyokuwa nimeficha kwa siku ya shida, nikatia mchezo. Nikamutuma motari mmoja amulete Umwali. Alikuja na baba yake. Nikawaeleza: mashini hii naweza kuipeleka sasa hivi kwa Léonard, atairudisha ng'ombe, tulisha sikilizana naye usiku. Ao ni ya Umwali tangu leo. Achague, maana kamio inapakia.

Papa Constantin akafungua kinywa. Umwali akavuta kiti, akakaa, akaomba nimuonyeshe vidude vya kuendesha. Akafanya mzunguko mmoja mzima. Aligonga ukuta mara tatu, akapita magari mawili, na gari yake haikukwama hata nukta moja. Kule nje Léonard alikuwa anapiga honi.

«Ng'ombe nilisha uza,» akasema. «Nilitaka mashini inatembea. Hii inatembea.»

Akatoka mpaka barabarani. Tulimuona anapitisha mkono katikati ya mbao za kamio, anamukuna Gaju chini ya shingo, muda mrefu, mpaka shofere akawasha. Akarudi na macho makavu, akauliza nani alikaa kwenye kiti chake. Nilikuwa mimi.

Nyumbani kwao kuna umeme wa taa tatu, hakuna anayesahau, isipokuwa Papa Constantin. Kwa hiyo mashini imebaki kwenye meza yangu, lakini si yangu. Napigia walimu mitihani yao mpaka saa kumi. Saa kumi Umwali anaingia, mimi nasimama. Sharti lake lingine ni nimufundishe kila kitu kilicho ndani ya ile sanduku, na ninamufundisha. Ila kila ninachomwambia, anaenda kuuliza muntu mwingine mbele ya kuamini.

Jana Papa Constantin alipita toka sokoni. Benchi ilikuwa imejaa, Umwali alikuwa kwenye kona ya mwisho ya mbio, wote tumenyamaza. Muzee akaingia, akainamisha kichwa, akagonga mashini mara mbili. Akasikiliza.

«Guylain.»

«Ndiyo, Papa.»

«Leo asubuhi uliigeuza?»

Uso wake ulikuwa mukavu kuliko wangu wa siku ile. Motari wakaanguka wote, na Umwali akacheka mpaka gari ikaingia ukutani. Mimi nilibaki nimesimama kando ya imprimante, maana ilikuwa saa kumi na nusu, na kiti kilikuwa na mwenyewe.