Mara ya Tano

Nilikuwa simpendi Jalia, na sioni sababu ya kuficha. Tulikaa ua mmoja pale Bukoto, mlango wake ukitazamana na wangu, bomba la maji katikati. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu viatu vyake vya kisigino vilipita kwenye saruji, ko, ko, ko, akienda ofisi ya simu mjini. Alikuwa akiwaunganisha watu kwa simu, siku nzima na chuma cha kusikilizia kichwani. Mwanawe Marjan, wa miezi mitatu, alimwachia Bibi, mama wa mumewe Faruk, ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa.

Mimi nilisema niliyoyasema. Nilisema mbele ya wanawake wote bombani kwamba kuna watu huzaa kisha huwasalimia watoto wao jioni kama wageni. Jalia alinisikia. Siku ya pili alinikuta nasuka kikapu barazani, Kaltuma wangu mgongoni, sufuria mbili jikoni, nguo za watu watano kwenye kamba. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa Kiswahili chetu cha uani, "Mama Kaltuma, wewe nashinda unafanya nini?"

Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo. Vikapu vyangu vilikwenda hadi soko la Owino, na siku zile mshahara haukununua hata sabuni, vikapu ndivyo vilivyotulisha. Lakini mwenye mshahara alikuwa yeye, mimi nilikuwa wa kukaa tu.

Waume zetu, wao, walipendana. Faruk wake na Jafar wangu waliendesha lori moja kwa zamu, Wanubi wawili waliokua pamoja tangu madrasa. Kaltuma na Marjan walizaliwa juma moja, na siku ya arobaini wanaume hao walichinja mbuzi, wakapeana mikono: msichana wa huku ataolewa na mvulana wa kule. Faruk akamletea binti yangu gurbaba, ile nguo ya kujifunga ya wanawake wetu, nyekundu, aivae siku hiyo ikifika. Hakuna aliyetuuliza sisi. Mimi na Jalia tulikula nyama tukiwa tumepeana mgongo.

Jumapili moja ya Julai, mwaka wa sabini na sita, tuliamka tukasikia kwamba usiku askari wa kigeni wamevamia uwanja wa ndege kuwaokoa mateka wao. Jalia alikuwa ameshakwenda zamu. Adhuhuri zikaja habari kwamba wanajeshi wameshika mji, barabara zimefungwa, na wafanyakazi wa simu hakuna anayetoka. Lori likabaki uani. Wanaume wakabaki nalo, wakizungumza kwa sauti ndogo.

Chupa aliyoiacha Jalia iliisha mapema. Maziwa ya kopo hayakuwapo dukani tangu mwezi wa nne. Bibi akamchemshia Marjan maziwa ya ng'ombe na maji, akayatapika yote. Akapewa maji ya sukari, sukari yenyewe ya magendo, akayanywa na kuendelea kulia. Ilipofika alasiri kilio kilikuwa kimekuwa chembamba. Mwenye mtoto anakijua kilio hicho. Maziwa yangu yalianza kutoka yenyewe, nikiwa hapo barazani na kikapu changu.

Bibi akavuka ua, mtoto mikononi. Alijua kama nilivyojua, maana kwetu hata mtoto wa madrasa anajua: mtoto mchanga akinyonya kwa mwanamke mara tano, akashiba, amekuwa mwanawe. Watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, na ndugu hawaoani.

Nilimpa. Jafar akatoka mbio. "Mama Kaltuma! Wewe najua tulipatana nini na Faruk?"

"Najua. Hii ni moja," nikamjibu.

Magharibi nikampa tena. Alfajiri ya Jumatatu tena. Katikati tulimdanganya kwa maji ya sukari, kwa sababu wanaume walikuwa wanahesabu. Adhuhuri ikawa ya nne, na Faruk akaja kusimama mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe.

"Shemeji, asante," alisema. "Lakini sasa yatosha. Nne bado mzuri. Tano, maneno yetu yote nakufa."

Alasiri ilipoingia Marjan akaanza tena. Nilikuwa nimempakata, kifungo cha juu nimeshakifungua, na Jafar ananitazama. Nikasita. Nilifikiria ile gurbaba sandukuni, nikafikiria mume wangu atakavyoninunia, na mtoto analia mapajani kwangu. Naona haya mpaka leo kwamba nilisita.

Hapo lango likagonga ukutani na Jalia akaingia. Alikuwa pekupeku, viatu mkononi. Zamu nyingine ilipoletwa walimwachilia, akatembea kutoka mjini kwa miguu, akipita vizuizi vitatu vya wanajeshi. Blauzi yake ilikuwa imelowa kutoka kifuani hadi kiunoni. Nilidhani mvua, na mvua haikunyesha. Yalikuwa maziwa. Siku nzima na usiku kucha alikuwa akiyakamua kwenye karai la ofisi na kuyamwaga, huku mlinzi mwenye bunduki akimwambia aharakishe arudi kwenye simu.

Nilimwangalia mwanamke yule niliyesema anamsalimia mwanawe kama mgeni, na maneno yangu yote ya bombani yakanirudi usoni.

Alinipokonya mtoto, akamkumbatia. Faruk hakumpa nafasi hata ya kukaa.

"Kesho hapana kwenda," alisema. "Kazi ya simu imeisha. Mtoto nataka mama nyumbani. Mimi nimesema."

Jafar akaitikia kwa kichwa. Bibi akatazama chini. Jalia alikuwa na haki ya kulia, na hakulia. Akageuka, akaniangalia muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia tangu tuhamie pale. Maziwa yalikuwa yanamdondoka, nikayaona matone kwenye saruji, na mtoto anahangaika kifuani pake kutafuta.

Kisha akamtoa kifuani, akamrudisha mapajani kwangu.

"Mama Kaltuma," alisema. "Mpatie wewe."

"Jalia!" Faruk alipiga kelele. "Hiyo ni tano!"

"Najua hesabu," akasema Jalia.

Safari hii sikusita. Nilifungua vifungo vilivyobaki na Marjan akashika. Alinyonya upande mmoja, nikamhamishia wa pili, na muda wote huo Jalia alisimama mbele yangu amekunja mikono juu ya matiti yake, akiuma midomo kwa maumivu. Mtoto alipoachia mwenyewe na kulala, nikafunga blauzi na kumtazama Faruk.

"Shemeji, umesema mtoto anataka mama nyumbani," nilimwambia. "Anaye. Ndiye mimi. Una neno lingine?"

Faruk akarudi kwenye lori, akafungua boneti. Bibi akapiga kigelegele kimoja, kikavu, cha kizee. "Wallahi, Kaltuma amepata kaka," alisema, akaingia ndani kutafuta maji ya kumwosha mkwewe miguu.

Jafar alininunia juma zima. Ile gurbaba nyekundu niliirudisha, Jalia akaikata vipande viwili, akamfanyia kila mtoto mbeleko.

Mji ulipofunguliwa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ko, ko, ko. Akasimama mlangoni kwangu, akamfunga Marjan mgongoni mwangu kwa mikono yake.

"Leo nashinda unafanya nini?" akauliza, na safari hii alikuwa anataka kujua.

"Nalea wanangu," nikamwambia. "Nenda, utachelewa."