Wake Wenza Kumi na Wanne

Mume wangu ana wake kumi na watano. Wa kwanza ni mimi, hao kumi na wanne wengine ni saa. Wateja wangu wakisikia hivyo hucheka mpaka tepe ya kupimia inawateleza kiunoni, nami huwaacha wacheke, maana mke mwenza asiyekula wala kununa ana nafuu yake. Lakini Alhamisi ile sikuwa na utani. Niliamka nikitaka talaka kumi na nne kwa mpigo mmoja, na zitoke kabla ya adhuhuri.

Sababu ni hii. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi saa, na kwa miaka ishirini na sita tumefanya kazi chini ya paa moja. Mimi niko mbele, na vyerehani vyangu vitatu vinavyotazama barabara. Yeye yuko nyuma ya kizigeu cha mbao, na taa yake, vibano vyake na lenzi aliyoipachika jichoni. Jumatatu mwenye nyumba alikuja, nikamvutia kiti, akakataa kukaa. Mtu akikataa kukaa ujue ana neno. Akasema anauza jengo, na kuna mfanyabiashara wa matairi analitaka alibomoe ndani afanye ghala.

"Ila ninyi siwezi kuwaruka," akasema. "Nawapa nafasi ya kwanza mpaka Alhamisi saa sita mchana. Ikipita hapo, mtanisamehe."

Akataja bei. Akiba yetu yote ingenunua mlango, na labda bawaba zake.

Usijiulize fundi wa mtaani alipata wapi saa za matajiri. Alizinunua zikiwa maiti. Moja iliingia kwenye mashine ya kufulia ikiwa mfukoni mwa suruali, moja daktari aliikanyaga, moja mjane wa wakili aliileta vipande vipande ndani ya kopo la sukari. Wenyewe walishakata tamaa, yeye akatoa bei ya chuma chakavu, kisha akaanza kungoja. Springi moja aliingoja miaka mitatu. Gurudumu moja alilichonga mwenyewe kwa tupa, akaharibu, akachonga tena, mpaka likakubali. Zote zilifufuka. Sasa zilikuwa saa za Uswisi, mbili za dhahabu tupu, moja yenye mwezi mdogo unaozunguka, na kila asubuhi alizitia ufunguo moja baada ya moja bila kusema neno. Hapo hata nyumba ingeungua, ungemsubiri amalize.

Na nikimwambia auze hata moja, jibu lilikuwa hilohilo kila mwaka. "Hizo haziuzwi." Hata jicho hainui. Nilimwita bahili. Nilimwita mzee wa kuchezea vidude. Jumatatu na Jumanne nilipiga kelele, Jumatano nikaacha kumsemesha kabisa, na huko kunyamaza kwangu ndiko watu wanaonijua wanakokuogopa zaidi. Jumatano alasiri sauti yake ikatoka nyuma ya kizigeu.

"Mama Pacha, mwite huyo mnunuzi."

Nilitoka mbio na sindano bado iko kifuani.

Mnunuzi alikuwa amepatikana na wifi yangu, dada wa mume wangu, karani wa mahakama anayejua kila dalali wa mji. Alhamisi saa nne akaingia naye. Mnunuzi mwenyewe alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, kisanduku mkononi, na suti ambayo bega lake lilikaa mahali pake. Nikamheshimu palepale, kwa ajili ya bega.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

Tukaitikia. Akatandika kitambaa cheusi kwenye meza ya mume wangu, akavaa glavu nyeupe, akaanza. Aliichukua ya kwanza, akaisikiliza, akaiweka. Ya pili, akavuta pumzi. Alipofika kwenye ile yenye mwezi akakaa chini bila kukaribishwa.

"Hii nimeiona kwenye vitabu tu," akasema. "Nani aliitengeneza?"

"Mimi," akasema mume wangu.

"Na hizi nyingine?"

"Mimi."

Yule dada alimtazama kama mtu anavyomtazama daktari aliyemfanyia mama yake upasuaji. Wifi akanifinya paja, nami nikamfinya la kwake. Nikaanza kupaka kuta rangi kichwani mwangu. Nilishachagua ya kijani.

"Sasa nifungue vifuniko vya nyuma," akasema mnunuzi.

"Hakuna haja," akasema mume wangu haraka mno.

"Lazima, mzee. Siwezi kununua nisichokiona."

Mume wangu akajikuna shingo. Masikio yake yakawa mekundu, na masikio yale nayajua. "Basi mke wangu atoke kwanza."

"Nitoke?" nikasema. "Niende wapi? Barabarani?"

"Kaka," wifi akasema, "umeficha nini humo?"

Mnunuzi, maskini, akadhani anasaidia. Akaeleza kwamba ni desturi ya mafundi wote wa saa: fundi akimaliza kazi hukwaruza alama kwa sindano upande wa ndani wa kifuniko, tarehe na herufi za jina, ili fundi atakayeifungua baada yake ajue nani alipita. Mwenye saa haoni kamwe.

"Jina la nani?" nikauliza.

"La fundi, mama."

"Au la mtu mwingine."

Nilishajua. Mwanamke. Miaka ishirini na sita nimeshona upande mmoja wa ubao, na upande wa pili mtu anaandika jina la mwanamke ndani ya dhahabu! Nikamwambia yule dada afungue, na asome kwa sauti, wifi awe shahidi, tena shahidi wa mahakama. Mume wangu akakaa kwenye kigoda chake, akainamisha kichwa.

Kifuniko cha kwanza kikatoka. Mnunuzi akasogeza lenzi, akakunja uso.

"Kuna maandishi mengi," akasema. "Tarehe kumi na mbili Machi. Halafu: *Cherehani ya pili imefika. Kaimba kutwa.*"

Akafungua cha pili.

"*Mapacha. Uchungu umemshika akipinda pindo. Hataki kuliacha gauni la mteja.*"

"Ni kweli," wifi akasema. "Ulikuja hospitali na sindano."

Cha tatu: "*Paa limevuja. Tumeokoa nguo zote za arusi, tumesahau viatu vyetu.*" Cha nne: "*Mama kaja kutuaga. Kakaa dirishani mpaka jioni.*" Hapo wifi akageukia ukutani, maana mama huyo ni wake pia, na safari ile alikokwenda hakurudi tena. Cha tano: "*Kaninunia siku tatu. Ana haki.*"

"Nilikununia kwa nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Sikumbuki," akasema. "Nilichoandika ni kwamba una haki."

Nikamnyang'anya yule dada lenzi. Nilitaka kusoma mwenyewe. Herufi zilikuwa ndogo kama ufuta, lakini macho ya mshonaji ni macho. Kila saa aliyoifungua kuisafisha, mwaka baada ya mwaka, alikuwa ameongeza mstari. Siku niliyopata mkataba wa sare za shule. Siku binti yetu mmoja alipotembea, akaanzia kwenye kizigeu akaishia mguuni pa mteja. Siku nilipoungua kwa pasi akanipepea mpaka jua likazama. Mimi sikukumbuka hata kupepewa. Aibu ilinishika kuanzia shingoni ikashuka, na nyuma yake ikaja furaha iliyoniacha sijui pa kuweka mikono.

"Haziuzwi!" nikasema.

"Ala!" wifi akageuka na machozi yake. "Wifi, si wewe uliyepiga kelele tangu Jumatatu?"

"Nilikuwa sijui!"

"Ungejua?"

"Ningenyamaza."

"Hilo usiwadanganye watu."

Mnunuzi akaandika bei kwenye karatasi, akaisukuma mbele yetu. Ilizidi bei ya mwenye nyumba. Masharti yake yalikuwa mawili tu: zote pamoja, na leo, kwa kuwa mteja wake hapendi mkusanyo uliotobolewa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na tano, na kulikuwa na saa kumi na nne za kunithibitishia.

"Baba Pacha," nikasema, "wewe sema."

"Mimi nilishasema jana."

"Jana ulisema kwa sababu nilikununia."

"Ulininunia, ndiyo. Lakini jana nilizifungua nikazisoma zote." Akaondoa kibano mezani, akakirudisha palepale. "Soma tena, Mama Pacha. Soma mambo yametokea wapi."

Nikarudia, upesi upesi, kifuniko kwa kifuniko. Dirishani. Mguuni pa mteja. Chini ya paa linalovuja. Kwenye kizigeu. Hakukuwa na mstari hata mmoja uliotoka nje ya kuta hizi. Nikaangalia dirisha alipokaa mama mkwe wangu, nikaona matairi yamepangwa hapo mpaka juu, na mimi nimekaa kwenye chumba cha kupanga ng'ambo ya mji, na saa kumi na nne mapajani zinazonieleza jinsi hapa palivyokuwa. Ningekuwa kama mtu aliyeokoa picha ya ng'ombe akamwacha ng'ombe.

"Uza," nikasema. "Uza zote! Wifi, simu yako! Piga picha kila kifuniko, upesi, na usitetemeke."

"Nitaachaje kutetemeka?" wifi akasema, lakini akapiga.

Picha si chuma, nalijua hilo. Ila dakika zilikuwa zinakwenda. Mnunuzi akavirudisha vifuniko kimoja kimoja, mume wangu akimshikia taa, na sikumwona akisita hata mara moja. Alimweleza tabia za kila saa: hii usiitie ufunguo ukajaza, hii hupenda kulala kifudifudi, hii ikipata baridi hubaki nyuma. Yule dada akaandika yote. Kisha akapiga simu, akabonyeza kutuma fedha, tukangoja. Huko mbele mteja alikuwa anagonga mlango niliokuwa nimeufunga, nikamwambia agonge tu. Benki haikuharakisha. Saa sita kasoro dakika tisa simu ya mume wangu ikalia kidogo, wifi akausoma ujumbe, akausoma mara ya pili, kisha akapiga vigelegele ambavyo nadhani hata muuza matairi alivisikia.

Nilimpigia mwenye nyumba mwenyewe, nikaweka sauti ya wote kusikia.

"Tunachukua," nikasema. "Fedha iko. Bado dakika nane!"

Akacheka. Akasema alikuwa anaomba tuwahi, maana yule wa matairi ana mdomo mchafu. Akasema mwanasheria wake yupo hapo hapo na karatasi. "Mpe mzee simu nimalizane naye. Mzee? Hongera. Hati niiandike jina la nani, lako?"

Mume wangu alikuwa ameshika glavu moja ya mnunuzi iliyosahaulika mezani, anaikunja. Akainama kwenye simu.

"La mke wangu," akasema. "Na liandikwe kubwa."

Wifi akasema, "Na mimi shahidi." Nilijaribu kutaja jina langu na sauti haikutoka, mimi ambaye mtaa mzima unanisikia nikiita mteja. Mwenye nyumba akauliza kama laini imekatika. Mume wangu akanishika kiwiko, akangoja, hakunisaidia hata herufi moja. Nikalitaja lote, langu na la baba yangu, taratibu, huku ngumi za mteja zikiendelea mlangoni petu.