Glavu ya Mkono wa Kulia

Wendell Kratz alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona kosa, hawezi kulipita bila kulinyoosha. Katika gereji ya nyumba yake huko Tellford, Indiana, alitengeneza kwa mkono kadi za besiboli za watu ambao kampuni kubwa haziwajui, baba wa fulani, babu wa fulani. Mbele aliweka picha, nyuma rekodi za mchezaji, na kwa anayetaka, alikata kidirisha akatia kipande cha shati alilochezea mwenyewe.

Lorna Pruitt alimletea shati la baba yake, Harlan, limekunjwa kwa heshima kama bendera ya mazishi ya askari.

"Kata pindoni tu, Mzee Wendell. Kwingine usiguse. Jumamosi anatimiza miaka themanini, na kwa hali yake sijui kama ataiona siku nyingine ya kuzaliwa."

"Alicheza nafasi gani?"

"Mdakaji, timu ya kiwanda cha viatu. Aliacha ghafla kabla sijazaliwa, na nyumbani hakutaka besiboli itajwe mezani. Nataka ajione kwenye kadi kama wenzake. Mara moja tu."

Picha ilimchekesha Wendell. Harlan amechuchumaa nyuma ya mpigaji, kofia kaigeuza kisogoni, kinga ya kifua imefunika maandishi yote ya shati, na glavu iko mkono wa kulia. Maana yake anarusha kwa kushoto. Sasa, mrushaji wa shoto hugombaniwa, lakini mdakaji wa shoto? Mtoto yeyote wa Tellford atakwambia afadhali umtafute jogoo anayetaga: mpigaji humziba mkono wa kurushia, na wapinzani humwibia vituo, yaani hukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujafika. Ni wazi wakati wa kusafisha picha filamu ililazwa upande usio wake, kulia kukawa kushoto. Kadi nyingi za zamani zimetoka na kosa hilohilo. Wendell akaigeuza picha kwenye kompyuta, wala hakumuuliza mtu. Angeuliza nini, naye besiboli anaijua tangu utotoni?

Akachapa, akakata kidirisha, akabandika kitambaa kwa ile gundi yake anayojisifia kwamba haiachii. Kadi ikapendeza. Alhamisi mchana akalitandaza shati mezani ili alikunje vizuri kabla ya kulirudisha, na hapo akaona kiraka kwenye kiwiko cha kushoto, kimeshonwa kwa uzi mnene. Akaitazama kadi. Kiraka kilikuwepo, ila kwenye kiwiko cha kulia.

Wendell akakaa. Akasimama. Akatazama tena, maana jicho nalo hudanganya. Kisha udadisi ukamshika shingo: akachukua glavu na mpira wake wa zamani, akaivaa glavu mkono wa kulia, akachuchumaa katikati ya gereji huku magoti yakilalamika, akaurusha mpira kwa kushoto kuelekea mlangoni. Ukaangusha kopo la rangi. Hivi mtu aliwezaje? Na kiwiko kilichochakaa hadi kutiwa kiraka, si ndicho cha mkono uliofanya kazi? Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Akampigia Lorna.

"Kuuliza si ujinga, binti. Baba yako anashika kijiko mkono gani?"

"Kushoto. Kwani vipi?"

"Na mpira?"

"Sijawahi kumwona na mpira. Ila kuna gazeti lilitoa picha yake baada ya fainali. Mama alisema ilitoka kinyume, baba akaitupa motoni, na msimu uliofuata hakucheza. Mimi nilimwona mkaidi tu. Nani anaacha mchezo kwa sababu ya picha?"

Wendell akaifunika kadi kwa kiganja. Gazeti lilimgeuza Harlan likidhani linasahihisha kosa, na yeye karudia yaleyale, tena kwa gundi.

"Nimeharibu, Lorna. Na pindo lako limo ndani ya kadi."

"Basi litoe, mzee," akasema, bila ukali. "Shati hukati tena."

Mchana wote ule aliishikilia kadi juu ya mvuke wa birika, akikivuta kitambaa kwa kibano kidogo kidogo, akiitukana gundi yake mwenyewe. Kilitoka kimechanika ukingoni. Akakitia hivyohivyo kwenye kadi mpya, nyuzi zikining'inia, na picha akaiacha kama ilivyopigwa.

Jumamosi, katika nyumba ya wazee, Harlan aliipokea kadi kutoka kwa Wendell, Lorna akiwa kando, akaisogeza karibu na macho. Uso wake hakuutazama. Alitazama glavu, muda mrefu, mpaka Lorna akaanza kuwa na wasiwasi.

"Nani kakwambia?" akamuuliza Wendell.

"Kiraka cha kiwiko chako. Mimi kwanza nilikugeuza, mzee wangu. Nisamehe."

"Wote hunigeuza." Akakipapasa kitambaa kwa kidole gumba. "Kocha wa timu kubwa alisema nibadili mkono au nibadili nafasi. Nikamwambia hakuna aliyewahi kuniibia kituo. Akasema hilo si hoja."

"Na kweli hawakukuibia?"

"Waulize." Akacheka, na Lorna, ambaye hakuwahi kumsikia akicheka juu ya besiboli, akaketi kitandani akaanza kulia.

Wakati wa kuaga Wendell alinyoosha mkono wa kulia, kama tulivyozoea sote. Harlan hakuupokea. Alikaa akiutazama, akisubiri, kadi imelala mapajani mwake. Wendell akaurudisha, akatoa wa kushoto.