Arobaini ya Kitwana

Mara mbili Kitwana alipewa ruhusa hospitali, na mara mbili akarudishwa huko amebebwa kwa machela. Kilichomponza ni neno hilohilo, ruhusa. Watu wa kijijini kwake, Msimbu, walipolisikia walijua mtu kapona, kesho ashike jembe. Naye Kitwana, kwa kuogopa kuitwa mvivu, akalishika, na donda la mguuni likafumuka upya.

Ruhusa ya tatu ilipotoka, dresa Salehe, aliyekuwa akimfunga donda, alimwita pembeni mke wa Kitwana, Biubwa.

"Mama, safari hii akirudi na donda bichi, daktari ataukata mguu hapa." Akamwonyesha chini ya goti. "Amepewa ruhusa ya kutoka hospitali, hajapewa ruhusa ya shamba. Umwoshe kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, ubadilishe kitambaa, na mguu auinue. Asikanyage nao chini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ngozi ifunge. Kama wiki sita hivi."

Biubwa alikuwa mkunga. Wiki sita alizijua vizuri, maana miaka ishirini alikuwa akiwafungia wazazi ndani siku arobaini, na hajatokea mwanamume, hata awe na kiburi namna gani, wa kumwambia mzazi akalime. Alipofika nyumbani akamlaza mumewe chumba cha ndani, akashusha pazia la mlangoni.

Asubuhi akaja Mwinyijuma, kaka mkubwa wa Kitwana, na majembe mawili begani.

"Shikamoo, shemeji," Biubwa akamwamkia.

"Marahaba. Nasikia kapewa ruhusa. Mvua hiyo inakuja, mwambie atoke."

"Hatoki. Yumo kwenye arobaini."

"Arobaini ya nini?"

"Ya uzazi, shemeji. Na hilo jembe lake niachie mimi, nitalima mwenyewe."

Mwinyijuma alicheka mpaka akakaa chini. Kufika alasiri, barazani pa msikiti hapakuwa na habari nyingine: Kitwana kazaa! Wapita njia wakawa wanapaza sauti dirishani, "Hongera, mzazi! Wa kike au wa kiume?" Watu wazima na ndevu zao, hawana haya. Ndani, Kitwana aliuma meno. Biubwa alimwosha donda, akamfunga kitambaa safi, akamnywesha uji wa pilipili manga kama mzazi yeyote, kisha akaenda shamba.

Siku ya tisa aliporudi alimkuta Kitwana amesimama atoke kwenda shamba, panga mkononi, kitambaa kimelowa damu.

"Umenidhalilisha, Biubwa. Bora mguu ukatwe!"

Biubwa akasimama mlangoni. Alimwogopa, tena alimwonea huruma, lakini hakusogea.

"Basi pita, mguu ukatwe. Ila hao wanaokucheka, mwite hata mmoja aje akubebe kwenda chooni. Mwite sasa hivi, nimsikie anavyoitika!"

Kitwana alitazama dirishani. Hakuita mtu. Akaliweka panga chini, akarudi kitandani, akauinua mguu mwenyewe.

Toka siku hiyo ndiye aliyeulizia maji ya chumvi. Donda likapungua, likawa kama sarafu, likawa kama punje ya hindi, likafunga.

Siku ya arobaini Biubwa alimtoa nje kama atolewavyo mzazi, ameoga, kavaa kanzu safi. Uani walikuwa wamejaa watu waliokuja kucheka, Mwinyijuma mbele yao.

"Haya, mzazi! Wa kike au wa kiume?"

Kitwana akaipandisha kanzu hadi gotini. Ngozi ilikuwa imeshikana, mpya, inang'aa. Akakanyaga chini kwa mguu huo, akakanyaga tena kwa nguvu, vumbi likaruka.

"Mguu wa kulia," akasema. "Mke wangu ndiye mkunga. Anayetaka kucheka asogee, aonje teke lake la kwanza."

Hakusogea mtu.