Jozi ya Siku ya Bajeti

Rowland Blenkinsop alikata roho mchana wa siku ya bajeti, na Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofanya baada ya kupata habari ni kupiga hesabu ya kura. Nilikuwa nyuma ya kaunta ya bucha, namsaidia mwanangu kumfungia mteja soseji, simu ikalia. Nikavua aproni, nikasema maskini Rowland, na kichwani tayari nilikuwa nimeshamfuta kwenye safu ya wapinzani wetu.

Nieleze kidogo, nisije nikaonekana mnyama. Katika halmashauri yetu ya Hebblethorpe, chama chao na chama chetu tulikuwa na viti sawasawa. Utawala walikuwa nao wao kwa sababu meya alikuwa wa kwao, na kura zikilingana meya hupiga ya pili. Kazi yangu ilikuwa kuwachunga madiwani wetu wakati wa kura: nani yupo, nani anaumwa, nani ameanza kulegea. Mwaka ule bajeti yao ilikuwa na mstari mmoja mfupi wa kufunga kituo cha Mill Lane, wanakoshinda wazee waliopotewa na kumbukumbu. Sisi tukaleta pendekezo la kuongeza kodi ya halmashauri kidogo zaidi ya walivyotaka wao, kama pauni moja kwa wiki kwa nyumba ya kawaida, ili kituo kibaki. Rowland akiwa hayupo, tungeshinda kwa kura moja, mradi watu wetu wote wawepo.

Na wa kuleta pendekezo hilo mezani alikuwa Enid Thwaite, ambaye mumewe, Wilf, alikuwa anakwenda Mill Lane kila Jumanne na Alhamisi.

Wilf alikuwa mjenzi wa kuta za mawe, zile za malishoni zinazopangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji. Ukipanda mlima wowote hapa kwetu utapita kando ya kazi ya mikono yake. Sasa alikuwa hajui ni mwaka gani, wala jina la binti yake, lakini pale kituoni walimmwagia lundo la mawe uani akawa anajenga. Akishaondoka, wahudumu waliubomoa ukuta kidogo, kimyakimya, ili siku nyingine apate cha kufanya. Alirudi nyumbani na vumbi mikononi, akala, akalala usingizi wa mtoto. Siku ambazo hakwenda, alizunguka nyumba nzima akitafuta mlango wa kutokea, na Enid alilala na ufunguo ndani ya foronya.

Nilimkuta Enid kwenye ngazi za ukumbi wa mji, akikung'uta theluji viatuni.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia. Mkewe alinipigia mimi kwanza."

"Maskini. Alikuwa mtu wa watu." Nikangoja kidogo, kwa heshima. "Sasa, Enid, tuongee la leo. Mambo yamekaa vizuri. Tunawapita kwa moja."

Akanitazama mpaka nikaona haya. "Cliff, mimi nina jozi na Rowland."

Jozi ni desturi yetu ya zamani, haijaandikwa popote. Diwani wa upande mmoja akiwa mgonjwa, au amefiwa, mmoja wa upande wa pili humpa mkono, na wakati wa kura huyo mzima hutoka nje. Hivyo ugonjwa wa mtu hauwi ushindi wa mtu mwingine. Ukiivunja jozi hakuna atakayekushtaki, ila hakuna pia atakayekupa mkono tena.

"Jozi na nani?" nikasema. "Mtu kafa, mama!"

"Najua kafa."

"Maiti hapigi kura, Enid."

"Ndiyo maana na mimi sipigi."

"Wee! Hivi unanitania?"

"Nilimpa mkono Jumapili, hospitalini. Pumzi hana, bomba puani, na bado ananitania: 'Jozi, bibie? Au umeshapata kijana?' Nikamwambia jozi. Hakusema 'mpaka nife', Cliff. Na mimi sikusema hivyo."

Nilijua kwa nini amekaza kamba namna ile, na kujua kwenyewe ndiko kulikozidi kuniudhi. Miaka iliyopita, meya akiwa bado wa kwetu, Wilf alipoanza kupotea, alipotea mlimani siku ya kura ya kulifunga bwawa la kuogelea. Enid aliacha kikao akakimbilia huko na tochi. Rowland akasimama, akainamisha kichwa kwa meya, akatoka nje akakaa kwenye benchi la korido, akijua wazi kwamba upande wake utashindwa. Walishindwa. Bwawa lipo mpaka leo, wajukuu zangu wamejifunza kuogelea mle. Wenzake walimnunia mwaka mzima na kumwondoa kwenye kamati aliyoipenda. Hata siku moja hakumkumbusha Enid fadhila ile.

"Na Wilf je?" nikamwambia. Nilijua namgonga panapouma, na nilimgonga kwa kusudi. "Jumanne atakwenda wapi?"

"Usinitajie Wilf," akasema, sauti imemshuka. "Wewe unamtaja tu. Mimi ndiye ninayemvisha."

Akanipita, akaingia ndani.

Kikao kilianza kwa sala kama kawaida, kisha meya wetu, Audrey Sugden, akatangaza msiba. Tulisimama kimya. Mtu alikuwa ameweka waridi jeupe kwenye kiti cha Rowland, na katika ule ukumbi wenye picha za mameya wenye masharubu lile ua ndilo lililoonekana kuwa hai kuliko sisi sote. Nililia kidogo, sikatai. Rowland alikuwa mteja wangu, na kila Krismasi alikuja kubishana nami bei ya bata mzinga kwa raha tu ya kubishana.

Tulipoketi, kazi ikaanza. Nigel Pickersgill, kiongozi wao, alisoma bajeti yake kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Alipofika mahali pa wananchi waliochoka kukamuliwa, nikashindwa kujizuia.

"Na mkamuaji ni nani kama si wewe?"

"Kaa chini, muuza soseji!" mmoja wao akapaza sauti.

"Soseji zangu zina nyama ndani. Hiyo bajeti yenu ina nini?"

Watu wakacheka pande zote mbili, meya akagonga meza, na kwa dakika hiyo ukumbi ukawa kama zamani. Kisha akaitwa Enid kulitetea pendekezo.

Nimesikia hotuba nyingi mle ndani, zangu zikiwa mbaya kuliko nyingi. Ile ya Enid haikuwa hotuba. Alisema, "Mume wangu amejenga kuta ambazo kondoo wa wilaya hii wamejikinga upepo nyuma yake tangu ninyi wengine hamjazaliwa. Leo ukuta alio nao ni mmoja tu, uko uani Mill Lane, na hauishi. Naomba pauni moja kwa wiki ili usiishe. Wapo wengine kama yeye, na wake zao ni majirani zenu. Hao wake hawalali, waheshimiwa. Mimi silali." Akaketi. Hata Pickersgill alikuwa anaitazama kalamu yake.

Kura ya bajeti kwetu huitwa jina kwa jina, kila mtu ajibu kwa mdomo wake, mji usikie. Karani alifungua karatasi. Ndipo Enid akasimama, akachukua mkoba wake.

Nilimshika mkono wa koti, mbele za watu, bila aibu. "Enid, nakuomba."

"Niachie, Cliff."

Meya alimwona, akaelewa. Audrey Sugden ni mtu wa chama chake, lakini si mtu mbaya. Akasema polepole, "Diwani Thwaite, hakuna mtu humu anayekudai."

Pickersgill alimgeukia meya kwa jicho ambalo sitalisahau.

"Aliyenidai hayupo, Mheshimiwa Meya," Enid akajibu. Akainamisha kichwa kwa meya, akainamisha kwa lile waridi, akatoka. Mlango wetu ule mzito ulijifunga wenyewe nyuma yake.

Majina yakaitwa, kwanza kwa pendekezo letu. Naunga mkono, napinga, naunga mkono, napinga. Jina la Enid lilipoitwa hapakuwa na jibu, na la Rowland halikuitwa kabisa. Kura zikalingana, na ukumbi wote ukageuka kumtazama meya na kura yake ya pili.

Nitasema ukweli: nilitumaini. Nilimwona Audrey akitazama mlango, akalamba midomo, akashika ule mkufu wa umeya kana kwamba unamkaba. Nikajisemea moyoni, mwanamke huyu baba yake alikufa kwa ugonjwa uleule wa Wilf, hawezi. Akasema, "Napinga," chini chini mno, ikabidi karani amwombe arudie. Akarudia.

Nilipotoka, Enid alikuwa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. Akaniuliza kwa macho tu. Nilimpita bila neno, nikaenda kula pai na njegere za kupondwa pamoja na wenzangu, na kila mmoja mezani alimsema. Mmoja alisema ni mzee, amechanganyikiwa kama mumewe. Sikumkanya. Moyoni nilisema maneno mabaya zaidi: kwamba alitaka aonekane mwema, na gharama wakalipe wengine. Na mpaka leo sijui kama nilikosea kabisa, kwa sababu kweli walilipa wengine. Kuna mama mmoja wa mtaa wa pili ambaye mumewe aliwekwa kwenye nyumba ya wazee mbali, kule pwani, akafa kabla ya majani kupukutika.

Mill Lane ilifungwa majira ya kuchipua. Sikuzungumza na Enid. Tulikaa safu moja ukumbini kama watu wasiojuana, hadi mke wangu alipochoka nami.

"Wewe unawauzia nyama watu wanaokuvunjia ahadi kila siku," akaniambia, "halafu unamnunia mtu kwa sababu alishika neno lake? Chukua hii nyama ya kusaga, umpelekee. Na usirudi na hiyo sura."

Nikaenda, Jumanne asubuhi. Kabla sijabisha hodi nikamwona Wilf dirishani. Amevaa koti, amevaa kofia, amefunga skafu mpaka kidevuni ingawa jua lilikuwa limetoka. Kando yake amekaa Enid, naye amevaa koti lake, mikono imelala mapajani. Alikuwa amekonda. Akaja kufungua, akageuza ufunguo mara mbili.

"Anamsubiri dereva wa kituo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Sijui siku amezijuaje. Jumanne na Alhamisi hakosei. Akivaa na mimi navaa, anatulia kidogo. Tunakaa mpaka achoke."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka achoke, Cliff."

Hasira yangu yote niliyokuja nayo ikaniishia pale mlangoni, nikabaki na mfuko wa nyama mkononi. Nilikuwa nataka kusema samahani. Wilf alikuwa ameshatoka dirishani, anakuja kwenye korido kwa haraka, uso umemng'aa.

"Umechelewa leo," akaniambia.

Enid akafumba macho. Nami nikasema, "Nisamehe, bwana Wilf. Foleni."

"Haya, twende. Kuna kazi."

Ningeweza kumzungusha mjini nikamrudisha. Enid naye alidhani hivyo, nadhani, alipoingia kiti cha nyuma cha gari langu. Lakini Wilf alikaa mbele akanielekeza, kushoto hapa, kulia pale, hakukosea kona hata moja, na mimi sikuwa na moyo wa kumkatalia. Tukafika Mill Lane. Lango limefungwa kwa mnyororo. Nyuma yake, uani, magugu yalikuwa yameanza kuota kando ya ukuta, umefika kiunoni, upande mmoja umekamilika na mwingine umeishia hewani, mawe yaliyobaki yamelundikana pale pale alipoyaacha.

Wilf alishuka, akashika nondo za lango. Akauangalia ukuta wake, akauangalia mnyororo.

"Nani kafunga?"

Nilifungua mdomo nimtaje Pickersgill. Nilikuwa nimejiandaa kumtaja Pickersgill tangu siku ile. Lakini Enid alikuwa ameshashuka, amesimama kando ya mumewe.

"Mimi, mpenzi," akasema. "Ni mimi niliyefunga."

Wilf akamgeukia. Hakukasirika hata kidogo. Akamwambia kwa upole, kama anavyoombwa mtu chumvi mezani, "Basi fungua."

Enid akafungua mkoba wake, akaanza kutafuta ufunguo asio nao.