Nyimbo Zangu za Machipuko na CD ya Mama

Jamani, mwenzenu nimeendesha gari. Mimi, Mizuho, ambaye hata kwenye mchezo wa simu nagonga kabla mbio hazijaanza. Na hiyo siyo habari yenyewe. Habari yenyewe inakuja, ila nikiisema sasa hivi mtaanza kupiga kelele na sitamaliza, kwa hiyo tulieni.

Kwanza mjue kwamba Japani nzima hakuna dereva mwenye rekodi safi kuliko mimi. Leseni yangu ina ule mstari wa dhahabu wa madereva wasio na kosa hata moja. Sina kosa kwa sababu tangu nifaulu mtihani sijawahi kuwasha gari. Kwa hesabu hiyo hata marehemu bibi yangu ni dereva bora.

Sasa, aliyenifanya niwashe ni Inukai-san. Mnamkumbuka, yule mrefu anayezungusha sare za shule kwenye kampuni yetu hapa Okayama. Mimi niko upande wa oda, ndimi ninayempigia simu kumwambia kuna shule imerudisha suruali. Miaka mitatu tunakula mchana meza moja. Miaka mitatu ananiita Tsubata-san, kwa jina la ukoo, kama tuko mahakamani. Na miaka hiyohiyo mitatu nampenda kimyakimya kama zuzu. Mpango wa kumwambia nilikuwa nao. Mpango wenyewe ulikuwa: siku moja.

Basi katikati ya Machi yakatangazwa majina ya wanaohamishwa. Inukai: Sendai, kuanzia Aprili mosi. Sendai! Unapita Osaka, unapita Tokyo, na bado hujafika.

Na kwetu mambo haya hayaendi kwa kukonyezana. Lazima mmoja afungue mdomo aseme: nakupenda, tuwe wawili. Asiposema, hata mkila meza moja mpaka meno yang'oke, ninyi ni wafanyakazi wenza tu. Sasa huu mdomo wangu, mnaujua, haulali. Lakini ukifika kwenye neno hilo unafunga kama chaza.

Ndipo likanijia wazo la kisomi. Si nimesoma saikolojia chuo kikuu? Si niliandika tasnifu kuhusu muziki na hisia? Nikajiambia, nyimbo zitasema kwa niaba yangu. Nitampakia kwenye gari tukaone maua ya cheri, nitapanga nyimbo za machipuko kitaalamu: mwanzo nyepesi, katikati za kupasha moyo, na tukifika kule kilimani ambako miti imefunika barabara, ule mtamu kuliko zote. Hapo atanigeukia aseme mwenyewe. Yaani kazi yangu nilitaka aifanye yeye, na hilo ndilo wazazi wangu walilolilipia ada.

"Inukai-san," nikamwambia, "kabla hujaondoka, twende tukaone maua. Naendesha mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kutakuwa na gari la wagonjwa nyuma yetu, au nilipange mwenyewe?"

Lakini alikubali.

Mama akanipa ufunguo wa kigari chake kama mtu anayetoa figo. Akabandika mwenyewe, mbele na nyuma, ile alama ya jani la njano na kijani ya madereva wachanga, ili watu wenye akili wakae mbali nami. "Ukilikwaruza usirudi hapa," akasema. "Olewa hukohuko. Na CD yangu usiiguse."

Nani aiguse! CD ya Mama ni ya zile nyimbo za kizee: mwanamke yuko bandarini, theluji inamwangukia, amelishika shati la mwanamume na analia kwa sauti ya kutetemesha vikombe. Mama huziimba karaoke kila Jumatano, macho kafumba, mkono hewani. Mimi huzionea aibu hata nikiwa peke yangu chumbani. Nikachomeka simu yangu kwa waya, nikawa mtu wa kisasa.

Siku ikafika. Utabiri wa maua ulisema wikiendi hiyo yatakuwa yamefunguka. Juzi yake ikapiga baridi, maua yakaghairi. Sikujali. Inukai-san akajikunja kwenye kiti cha pembeni, magoti karibu na kidevu, akajifunga mkanda, kisha akaukagua tena. Nikataka kuwasha indiketa, waipa zikaanza kufuta kioo kikavu.

"Mvua?" akauliza.

"Najiandaa."

Tukaondoka. Nilishika usukani kama mtu anayezama aliyepata boya. Nyuma yangu msururu wa magari ulikuwa mrefu kama msafara wa harusi. Yeye alikuwa ananifungulia matonge ya wali niliyoyafinyanga asubuhi, nikisimama kwenye taa ananisogezea, nauma, tunaendelea. Hilo peke yake lingetosha kuwa mwaka wangu mzima.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kituo cha treni, gitaa jepesi. Akatabasamu. Wa pili ukaja, geti la shule na maua yakidondoka. Akaangalia dirishani. Wa tatu, marafiki wawili na barabara inayogawanyika. Akaacha kula. Na mimi nikamwibia jicho, nikamwona ametulia, uso mzito, nikajisemea moyoni: inafanya kazi! Sayansi hii! Profesa wangu angekuwepo!

Tukafika kilimani. Miti pande zote mbili, imesimama na vichipukizi vyake kama njiti za kiberiti, ua moja huku, ua moja kule. Na palepale, kama nilivyopanga, wimbo mtamu kuliko zote ukaanza. Dada wa watu anaimba: asante kwa yote, nenda, usigeuke nyuma, mimi nitakuwa salama.

Inukai-san akashusha pumzi. "Tsubata-san. Asante. Nimeelewa."

Nusura niachie usukani. "Umeelewa?"

"Zote ni za kuagana. Umezipanga vizuri sana, hata sijui nikushukuruje." Akayatazama magoti yake. "Kwa kweli nilikuja na neno la kukuambia leo. Lakini mtu akishakuaga kwa uungwana hivi, unalisemaje tena? Basi, tuliache."

Jamani!

Nikazipitia moja moja kichwani. Kituo cha treni: anaondoka. Geti la shule: wanamaliza. Barabara inagawanyika: sasa ningetaka iseme vipi zaidi? Kwetu shule zinamalizika Machi, watu wanahamishwa Machi, watunzi wote wanalia Machi. Wimbo wa machipuko ni wimbo wa kwaheri, hata mtoto wa chekechea anajua, maana naye ameuimba siku ya kumaliza chekechea! Mimi nikasikiliza gitaa. Ninayempenda nikamfungia mizigo, nikamfikisha mlangoni, nikampungia na leso.

Nikataka kupiga kelele, "Hapana, hapana!" Kilichotoka mdomoni ni: "Aa... kuna tonge moja limebaki."

"Nimeshiba," akasema kwa upole. "Naweza kupunguza sauti kidogo?"

Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe. Sicho chenyewe. Gari likakohoa, likasaga, halafu bandarini theluji ikaanza kuanguka.

"Usiendeee!" akalia yule mwanamke wa Mama. "Chana shati, siliachiii!"

"Zima!" nikasema.

"Kipi?"

"Chochote! Zima gari!"

Mimi mwenyewe nisingeweza. Tulikuwa tunateremka kwenye kona, barabara nyembamba, wale wa msafara wa harusi wako nyuma, na mikono yangu ilikuwa imeganda kwenye usukani. Akasogeza kidole. Kisha akakirudisha.

"Ngoja kwanza. Huyu naye yumo kwenye mpango wako?"

"Hayumo! Ni wa Mama."

"Aa," akasema. Lakini hiyo "aa" ilikuwa ndogo, imenyauka, kama ya mtu aliyeona taa dirishani halafu ikazimwa. Na mimi, ambaye miaka mitatu nimefunga kama chaza, "aa" hiyo ndiyo iliyonifungua.

"Lakini nakubaliana naye," nikasema.

"Na nani?"

"Na huyo mama. Wa shati." Macho yangu barabarani, masikio yanawaka. "Kila neno. Ila hapo mbele atasema anajitupa baharini, hapo simo, Jumatatu nina oda."

Mwanamke wa bandarini mwenyewe akavuta pumzi kidogo.

"Mizuho-san," akasema. Mmesikia? Mizuho! "Simamisha gari."

"Siwezi. Sijajifunza kuegesha."

"Basi endelea, nitasema hivihivi. Nakupenda. Tuwe wawili. Na tafadhali angalia mbele."

Haya, sasa pigeni kelele.

Kusimama tulisimama baadaye, kwenye soko la kando ya barabara, nikachukua nafasi mbili za maegesho na kizuizi cha zege. Krrr. Tukala dango, vile vidonge vya unga wa mchele vyenye mchuzi mtamu, tukacheka mpaka mchuzi ukamwingia puani. Sendai anakwenda vilevile, uhamisho haubembelezwi. Ila mwezi wa tano kwenye likizo nakwenda kumwona, na nakwenda kwa treni, watu wa Sendai wasiogope.

Nyumbani Mama alikuwa mlangoni. Akalizunguka gari, akainama. "Nini hiki?"

"Mama, si ulisema nikilikwaruza niolewe hukohuko? Bado hatujafika huko, lakini tumeanza."

Akauangalia mkwaruzo, akaniangalia mimi. "Yule wa sare? Mrefu?"

"Huyohuyo."

"Sendai kuna baridi. Mwambie avae soksi za sufu." Akasugua mkwaruzo kwa kidole gumba, nikaona anajizuia kucheka. Kisha akaingia kwenye kigari chake, akabonyeza kitufe, akasubiri. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mizuho! CD yangu iko wapi?"

Iko kwenye begi la mtu. Alisema anataka kujifunza maneno yote kabla ya mwezi wa tano, na mimi wakati ule angeniomba hata usukani ningeung'oa. Kwa hiyo jamani, mwenye kujua inakouzwa CD ya mwanamke anayelia bandarini anipigie haraka. Jumatano ni keshokutwa, na Mama ameanza kuimba bila muziki.